Gari la Kwanza, Gari la Sasa: Linambeba Nani?



Katika mji wetu wa Lubumbashi kuna swali linaloulizwa mara nyingi kuliko tunavyodhani. Huulizwa arusini na msibani, huulizwa mbele ya kanisa baada ya Misa, watu waliosoma pamoja wanapokutana baada ya miaka mingi. Mara nyingine halitamkwi kabisa. Mtu hutupa jicho barabarani aone mwenzake amefika na nini. Siku hizi anaendesha gari gani? Jibu likipatikana, heshima nayo hugawanywa. Aliyeshuka katika jipu refu hutafutiwa kiti cha mbele. Aliyeshuka katika basi dogo husalimiwa. Aliyekuja kwa miguu huulizwa kama hajambo, na mazungumzo hugeukia kwingine.

Nataka tulitafakari swali hilo, kwa sababu wengi wenu mko katika umri wa kuota gari la kwanza. Kuota si dhambi, na gari ni chombo chema. Lakini maoni yangu ni kwamba tumejifunza kuuliza swali lisilofaa. Tunauliza ni gari la aina gani, la mwaka gani, la bei gani. Historia ya magari yetu, tukiisoma kwa makini, inatufundisha kuuliza mambo mawili mengine: gari hili linambeba nani, na linamhatarisha nani?

Kutoka kinga hadi motokaa

Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910, mwaka uleule reli ilipofika kutoka kusini. Ulijengwa kwa ajili ya shaba, na tangu mwanzo mwendo wa mtu ulionyesha nafasi yake. Katika miaka ya ukoloni motokaa ilikuwa karibu mali ya Wazungu peke yao. Chombo cha kwanza cha wengi wa babu zetu kilikuwa baiskeli, ile waliyoiita kinga. Ilinunuliwa kwa akiba ya muda mrefu, ikasafishwa kila Jumapili, na fundi wake aliheshimiwa mtaani.

Kinga hiyo haijastaafu hata leo. Anayetoka mapema asubuhi kwenye barabara za kuingia mjini atawaona wanaume wakisukuma baiskeli zilizopakiwa magunia ya makala kutoka porini, mzigo ukiwa mrefu kuliko mwenye kuusukuma. Moto unaopika bukari katika nyumba nyingi za Kenya, Katuba na Ruashi umeletwa hivyo. Basi tunaposema kwamba siku hizi kila mtu ana gari, tuwakumbuke hao kwanza.

Baada ya uhuru wa mwaka 1960 baadhi ya familia zilipata mutuka wa kwanza, kama tunavyosema nyumbani: Volkswagen ya mgongo wa kobe, Peugeot 404, na baadaye 504. Waulizeni wazee wenu habari za magari hayo. Wengi hawatawaambia kwanza juu ya injini. Watawaambia nani alibebwa ndani yake: mama aliyeshikwa na uchungu wa uzazi usiku wa manane, bibi arusi, mgonjwa, magunia ya unga, na mara nyingine jeneza. Katika mtaa mzima gari lilikuwa moja au mawili, na mwenye nalo alijua kwamba mlango wake utagongwa. Alinung'unika, bila shaka, lakini aliamka. Karatasi ziliandikwa jina lake. Kazi ya gari ilikuwa ya mtaa.

Kisha zikaja nyakati ngumu. Gécamines, kampuni iliyokuwa imewalisha, kuwatibu na kuwasomesha watu wa Katanga kwa miaka mingi, ilidhoofika. Katika miaka ya 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka kazini katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, wakapewa fedha kwa mkupuo mmoja. Wapo walionunua kwa fedha hizo gari la kufanyia taksi. Kwa watu hao gari la kwanza lilikuwa bei ya maisha yao yote ya kazi: miaka 20 au 30 ya kushuka shimoni au kusimama mbele ya tanuri, ikageuzwa kuwa magurudumu manne. Taksi iliyodumu ililipa karo za shule. Iliyovunjika njiani iliacha nyumba haina mshahara wala gari. Mwenye kujua habari hiyo hawezi tena kulitazama gari kuukuu kwa dharau.

Safari ya gari kutoka Japani

Leo gari la kwanza la kijana wa Lubumbashi, akilipata, kwa kawaida limekwisha kuwa gari la mtu mwingine. Lilinunuliwa jipya huko Japani. Sheria ya nchi ile inataka gari likaguliwe linapofikisha miaka 3, na kuanzia hapo kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huo ni wa gharama, na mwenye gari huona afadhali kuliuza kuliko kuendelea kulilipia. Gari hupandishwa melini, hushushwa Dar es Salaam, kisha huendeshwa kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya hadi mpaka wa Tunduma. Huvuka na kuingia Zambia, hupita Mpika na Kapiri Mposhi, hufika Kasumbalesa. Ni karibu kilomita 2,000 kutoka bandarini hadi kwetu. Ndiyo njia iliyotuletea Toyota Ist, gari dogo lililoanza kutengenezwa mwaka 2002, ambalo leo ni taksi ya kila siku.

Hapa pana jambo ambalo jina la komini yetu linalifanya liwe la kuchekesha kidogo. Katika nchi ya Kenya watu huendesha upande wa kushoto, kama Japani, na usukani wa kulia ni halali yake. Tena serikali ya huko hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Katika Kenya yetu, hii ya Lubumbashi, tunaendesha upande wa kulia, na magari yaliyopita umri huo mara mbili tunayaona kila siku. Gari lililo sawa Nairobi halipo sawa kwetu, lakini ndilo tuliloweza kulinunua.

Usukani wa kulia katika barabara ya kulia

Wengine hudhani kwamba usukani, au volani kama wengi tunavyouita, ni jambo la mazoea tu. Si hivyo. Fikirini dereva aliye nyuma ya lori refu katika barabara ya Kasumbalesa. Ameketi upande wa kulia, karibu na ukingo wa barabara. Mbele yake anaona mgongo wa lori na vumbi. Ili ajue kama njia ni wazi, sharti autoe nje mwili mzima wa gari, au amuulize aliyeketi kushoto kwake. Abiria huyo, ambaye pengine hajawahi kushika usukani, ndiye anakuwa macho ya dereva. Anasema "pita", na uhai wa wote waliomo unategemea neno hilo moja.

Fikirini pia basi dogo lililotengenezwa kwa barabara za Japani. Mlango wake wa kusukuma upo kushoto, kwa sababu huko kushoto ndiko kwenye ukingo wa barabara. Kwetu mlango huohuo hufungukia katikati ya barabara. Mtoto wa shule anashuka na mfuko wake mgongoni, anakanyaga pale pale magari yanapopita. Hata taa zina neno: taa za gari la Japani zimeelekezwa ili zimulike ukingo wa kushoto, kwetu mwanga huo humwingia machoni dereva anayekuja mbele.

Shirika la Afya Duniani limesema kwamba ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka, na kwamba kwa watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 hakuna kinachoua zaidi ya hizo. Umri huo ni umri wenu. Katanga nayo imelipa. Jean-Bosco Mwenda, yule mpiga gitaa wetu ambaye muziki wake ulivuka mipaka ya Afrika, hakufa kwa uzee. Alikufa mwaka 1990 katika ajali ya gari huko Zambia.

Zaidi ya mara moja serikali imetaka kuyazuia magari ya usukani wa kulia, na kila mara wenye magari wamelalamika. Pande zote mbili zina haki yao. Anayetaka kuzuia anahesabu wafu. Anayepinga anahesabu watoto wanaokula kwa taksi hiyo. Kwa maoni yangu, katazo la ghafla lingemwadhibu maskini kwa kosa ambalo si lake, kwa kuwa gari la usukani wa kushoto linamfikia kwa bei kubwa zaidi. Lakini kuacha mambo yaende kama yalivyo ni kukubali kwamba uhai wa abiria una bei ndogo kuliko nauli. Njia ya haki ingeanza na magari yanayobeba watu kwa malipo. Hayo yabadilishwe kwanza, mlango na usukani, kwa muda uliopangwa na chini ya ukaguzi wa kweli. Wako mafundi hapa mjini wanaohamisha usukani, lakini kazi hiyo ikifanywa ovyo huzaa hatari mpya. Magari ya watu binafsi yaachwe yazeeke, na mahali pake paingizwe yanayofaa. Jambo hilo halihitaji miujiza. Linataka uvumilivu na mkaguzi asiyenunulika. Na mkaguzi wa kesho pengine ni mmoja wenu anayesoma ukurasa huu.

Njia moja, mizigo miwili

Simameni siku moja kando ya barabara ya Kasumbalesa mtazame. Magari kutoka Japani yanaingia. Malori yanatoka, yakibeba shaba na kobalti. Barabara ni ileile. Kobalti inayochimbwa duniani hutoka katika nchi yetu kwa asilimia zipatazo 70 au zaidi, na sehemu kubwa ya hiyo hutoka pande za Kolwezi. Huingia katika betri za magari mengi ya umeme. Shaba nayo haiachwi nyuma: gari moja la umeme huhitaji kilo zipatazo 80 za shaba, mara kadhaa kuliko gari la petroli. Huko Norway mwaka 2024 karibu magari 9 kati ya 10 mapya yaliyouzwa yalikuwa ya umeme.

Basi hesabu ni hii. Madini yetu yanakwenda kuwa gari jipya la mtu mwingine, na gari aliloliacha mwingine linakuja kuwa gari letu la kwanza. Sisemi hivyo ili tuwachukie watu wa Norway au wa Japani. Nasema hivyo ili kijana anayeona aibu kuendesha gari lenye umri sawa na wake ajue kwamba aibu hiyo si yake peke yake, na pengine si yake kabisa. Wavulana wa mitaa yetu hukunja waya, wakakata makopo yawe magurudumu, wakafunga fimbo ndefu ya kuongozea, wakakimbia na gari lao uwanjani. Ndilo gari ambalo wengi wetu tumewahi kulitengeneza kwa mikono yetu. Akili ya kutengeneza basi ipo tangu utoto. Kinachokosekana ni shule, karakana na utawala utakaoipeleka akili hiyo mbele ya gari la waya. Afadhali tuumizwe na upungufu huo kuliko kuumizwa na gari la jirani.

Renault ya mwaka 1984

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko aliwahi kugusa jambo hili wazi kabisa. Mwezi wa Julai mwaka 2013, akizungumza na waseminari na wanovisi, alisema kwamba humuuma kumwona padre au mtawa na gari la aina mpya kabisa. Hakusema gari ni baya. Alikiri kwamba ni la lazima kwa kazi. Aliwaomba wachague lililo nyenyekevu, wakikumbuka watoto wanaokufa kwa njaa. Miezi miwili baadaye padre mmoja wa Italia, aliyefanya utume miaka mingi katika mtaa wa maskini, alimpa gari lake: Renault 4 ya mwaka 1984, lililokwisha kutembea kilomita zipatazo 300,000. Aliyekuwa Askofu Mkuu wa Buenos Aires, ambako alizoea kupanda basi na treni pamoja na watu wengine, alilipokea kwa furaha. Mwaka 2017 alipewa gari la anasa la Lamborghini. Hilo hakulitumia, lilipigwa mnada, na fedha zikapelekwa katika kazi za huruma, miongoni mwake kazi zilizofanyika katika Jamhuri ya Afrika ya Kati.

Tangu mwaka 2007 kuna pia waraka wa Vatikani juu ya uchungaji wa barabarani, wenye amri 10 za dereva. Ya kwanza ni kutoua. Nyingine inasema gari lisiwe kwetu chombo cha kuonyeshea ukubwa na kuwatawala wengine. Wengi wetu hatukuwahi kuzisikia zikisomwa kanisani, ingawa barabarani tunahitaji kuongozwa kila siku.

Siwapi mifano hiyo ili tuwapime mapadre wetu kwa magari yao. Hiyo ingekuwa njia nyepesi ya kukwepa kujipima wenyewe. Renault ile inatufundisha jambo moja tu: gari huheshimika kwa kazi lililofanya.

Kabla ya kununua

Wahenga walisema: usisafirie nyota ya mwenzio. Maneno hayo ni ya mabaharia, lakini yanamfaa vilevile mwenye kutafuta gari. Kijana anayekopa ili afanane na rafiki yake amesafiri kwa nyota isiyo yake. Deni litabaki wakati rangi imekwisha kupauka. Kwa hiyo natoa shauri la mambo manne.

Kwanza, jifunzeni kuendesha kabla ya kununua. Karatasi ya ruhusa inayopatikana bila mafunzo ni karatasi ya kuulia watu. Hilo linawahusu pia wale ambao chombo chao cha kwanza ni pikipiki ya kubebea abiria, kazi inayowalisha wengi na kuwavunja wengi.

Pili, wekeni fedha ya matengenezo pamoja na fedha ya kununulia. Mwenye gari la bei ndogo na breki nzima ni tajiri kuliko mwenye jipu lisilo na breki.

Tatu, mkiwa abiria, msiwe abiria bubu. Dereva aliyelewa aambiwe, na akikataa kusikia, shukeni. Mlango ukifungukia katikati ya barabara, anayeshuka kwanza atazame nyuma, kisha awashike mkono watoto na wazee. Kikundi cha vijana kinaweza kuifanya kazi hiyo kwa zamu karibu na shule. Ni kazi ndogo, na pengine itaokoa mtu mmoja ambaye hamtamjua jina.

Nne, mkijaliwa kupata gari, amueni tangu siku ya kwanza ni usiku gani mtakubali kuamshwa. Siku hizi magari ni mengi kuliko zamani, lakini mama mwenye uchungu wa uzazi bado hutafuta taksi saa nane ya usiku huku magari matatu yamelala nyuma ya malango ya jirani zake. Hapo ndipo tulipowashindwa wazee wetu wa Peugeot 404, si katika aina ya gari.

Maswali ya kutafakari kikundini

Je, katika familia yako gari la kwanza, au baiskeli ya kwanza, lilinunuliwa kwa jasho la nani, na nani alibebwa nalo?

Je, tunawapokeaje wale wanaokuja katika mikutano yetu kwa miguu?

Je, kuna njia panda, kituo cha mabasi au mlango wa shule katika mtaa wetu ambapo kikundi chetu kinaweza kupunguza hatari kuanzia juma hili? Andikeni jina la mahali hapo, chagueni watu wawili wa kuanza, na pangeni saa.